Ami ameniwekea kisutu rafu ya juu

Barua hii iliandikwa usiku wa manane. Majina na mtaa nimeviondoa, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili hata aliyemnyonyesha mwandishi asimtambue. Mengine yote ni yake.

*

Assalaam aleikum Somo, na shikamoo.

Nina miaka 23. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, kwenye nyumba ambayo ukikohoa jikoni jirani wa pili anakwambia pole. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyetulea ni ami yangu, mwenye duka la leso, na mimi nimekaa naye dukani tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nafungua saa mbili, nafagia, nakunja leso, nasoma majina. Mwanamke akija anataka leso ya kumchamba mke mwenzie namtolea bila kutafuta.

Somo, mimi napenda wanaume. Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta mara nne. Nimejijua tangu madrasa. Kulikuwa na kijana wa nyumba ya pili, rika langu, na tulipofika miaka kumi na sita tulikuwa na mchezo wetu. Jumamosi alasiri tunakwenda Likoni kuvuka feri. Hatuna tunakokwenda. Feri haina nauli kwa mtembea kwa miguu, basi tunavuka, tunashuka, tunapanda tena. Watu wamebanana, mabasikeli, makapu ya maembe, kuku, na katika msongamano ule hakuna anayetazama mkono wa mtu uko wapi. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Mwaka mzima, ni hayo tu. Sasa yuko Maskati, ameoa, na hunitumia picha za mtoto wake.

Mamangu nadhani alihisi kitu. Mwaka huohuo alinipeleka kwa mwalimu mmoja upande wa Kwale, hakuniambia tunaendea nini. Yule mzee aliandika kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi, nikanywa kombe siku saba. Siku ya saba mama akaniuliza, "Unajionaje?" Nikamwambia niko sawa. Akasema alhamdulillahi, na mpaka leo hatujaligusa tena.

Sasa kuna mawili yamenikaba.

Mwaka jana niliongea na mtu kwenye simu, kwenye moja ya zile programu, tukapatana tuonane Bamburi. Nilipoingia chumbani hazikupita dakika tano wakaingia wengine wawili. Hawakunipiga. Walichukua simu yangu, wakapiga picha mazungumzo yetu, wakanipiga picha na mimi, wakaniambia nitume 15,000 palepale. Nikatuma. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi ujumbe unaingia: "Sema kaka, ami mzima?" Natuma elfu tatu, elfu nne. Mara mbili nimechukua kwenye droo ya duka. Ami hajui, au anajua na amenyamaza.

La pili, ami ameshaniposea. Binti ni wa Malindi, upande wa mama, ana miaka 20, nimemwona mara mbili tu. Wanataka harusi iwe Mfungo Mosi. Wiki iliyopita ami alipanda ngazi, akatoa kisutu, ile leso ya harusi nyekundu na nyeusi isiyo na jina, akakiweka rafu ya juu kabisa peke yake. Akaniambia, "Hiki usimuuzie mtu. Cha mkeo." Kila nikiinua macho nakiona.

Nataka kutoka, Somo. Kuna wakala anasema ana kazi ya ghala Doha, anataka 120,000, nami ninazo 68,000 kwenye mkebe wa Milo. Rafiki yangu wa shule anaendesha bodaboda Nairobi, anasema niende hata kesho, nitalala kwake Umoja. Mwingine, huyu tunajuana kwa intaneti tu, ananishauri niende kambi ya wakimbizi ya Kakuma nijifanye Mganda, nitapelekwa Kanada. Usiku nazisafiri safari zote tatu, asubuhi nafungua duka.

Sitaki kumuua mamangu kwa aibu. Yule binti sitaki kumdanganya. Na sitaki nizeeke kwenye kile kigoda. Kuna siku napanda juu tunakoanikia nguo, naangalia chini kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nitoke vipi?

Naishiwa Pumzi, Mombasa

Nyongeza: Usiku huandika majina ya leso nyuma ya daftari la madeni. Moja ni hili, usinicheke: "Upepo si wa mmoja, nami nipate pumua."

*

Waaleikumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Naanzia kule juu mnakoanikia nguo, maana barua yako imepapita mbio kana kwamba ni pa kupitia tu. Usipande huko usiku peke yako. Ukiona miguu inakupeleka, shuka, toka nje, kaa penye watu hata kama ni kwa muuza kahawa usiyempenda, kisha piga 1199. Hiyo ni namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haikukati pesa, na hulazimiki kumtajia mtu ukoo wako. Befrienders Kenya nao wapo kwa kazi hiyohiyo ya kumsikiliza mtu aliyefika ukingoni. Mengine yote niliyoyaandika hapa chini yanamhitaji mtu aliye hai, kwa hiyo hili lifanye kwanza.

Unasema ile sentensi uliifuta mara nne. Sikushangai, lugha yetu yenyewe haikukuachia pa kukalia. "Shoga" wanawake wa dukani kwako wanaitana kutwa, shoga nishikie hii, shoga nipunguzie, na hakuna neno tamu kama hilo kati ya mwanamke na mwenzie. Akirushiwa mwanamume linageuka jiwe. Mengine siyaandiki, unayajua. Lakini ulichoandika wewe, "napenda wanaume", ni Kiswahili safi kisichomtukana mtu. Kaa nacho.

Na kombe halikushindwa kwa sababu moyo wako ni mgumu. Hapakuwa na maradhi ya kutibu. Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, wewe hujazaliwa bado. Mimi si sheikh na fatwa sitoi. Swala zako ni baina yako na Mola wako. Ila mtu asikutoe msikitini kwa vitisho, na wewe usijitoe kwa niaba yake.

Sasa wale watatu wa Bamburi. Usitume tena hata shilingi. Najua unavyofikiri, kwamba elfu tatu ni bei nafuu ya usalama, lakini kila ukituma unawaonyesha kisima bado kina maji. Sitakuapia kwamba hawatasema. Wako wanaosema kwa uchungu tu wa kukosa. Lakini fikiri kama muuza duka: siri yako ndiyo bidhaa yao pekee, na wakishaimwaga hawana tena cha kuuza. Wengi wakinyimwa miezi miwili mitatu huhamia kwa mwingine.

Na kuna kitu unacho mkononi hujakiona. Kila ulipotuma, M-Pesa ilikuandikia jina la aliyepokea, namba, tarehe na saa. Usiufute hata ujumbe mmoja. Ule wa "Sema kaka, ami mzima?" upige picha, namba ionekane, umtumie mtu unayemwamini akuhifadhie. Umekusanya risiti za wizi wao mwaka mzima bila kujua.

Kumdai mtu pesa kwa vitisho ni kosa la jinai Kenya, awe anayedaiwa ni nani. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kile unachokiogopa, chenye kifungo cha hadi miaka 14, kinaadhibu tendo, hakiadhibu moyo. Kwa hiyo ukifika kituoni husimulii ulikwenda Bamburi kufanya nini. Unasimulia kwamba watu watatu wanakutoza, na jina la mpokeaji hili hapa. Ila usiende peke yako, maana wapo polisi ambao wakinusa habari yako watageuka kuwa mtozaji wa nne. Pale Mombasa kuna PEMA Kenya, shirika la watu kama wewe. Limekaa miaka mingi na maimamu na wachungaji wa Pwani likizungumza nao ana kwa ana, na kukaa huko si kazi ya mtu mwoga. Nairobi kuna NGLHRC, shirika jingine la watu kama wewe, wanaosaidia kisheria. Serikali ilikataa kuwasajili, wakapanda mahakama moja baada ya nyingine, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu wakasema wana haki ya kujiunga kama Wakenya wengine. Anza na mmoja wa hao, mwende pamoja. Na mtu akikutisha kwamba utapelekwa hospitali ukaguliwe maungo, jua kwamba Mahakama ya Rufani, hapohapo Mombasa, ilishapiga marufuku hilo Machi 2018, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Kwale.

(Niteme nyongo kidogo. Sheria hii ya 162 watu wanaiita mila yetu. Waingereza waliitunga India, wakaileta kwetu pamoja na reli. Kwao England walianza kuifuta 1967. India mahakama ikaivunja 2018. Sisi Mahakama Kuu ikaketi tarehe 24 Mei 2019 ikasema ibaki. Anayeiita mila ya Mswahili angeuliza kwanza ilishuka na meli gani.)

Zile za droo zirudishe. Kidogo kidogo, kabla hujaondoka, hata kama hakuna anayehesabu. Wakija kukusema kwa lile lingine, wasipate na la wizi la kubandikia.

Sasa nije kwenye kisutu.

Mimi nilivalishwa cha kwangu mwaka 1989, nina miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakianza kusikia hadithi hii hutaka awe shetani. Alikuwa akininyooshea buibui kwa mkono wake, na pasi ilikuwa ya makaa. Hakuwahi kuingia nyumbani mkono mtupu. Na kila usiku alikaa barazani na kikombe cha kahawa kilichokwisha poa mpaka aone taa ya chumbani imezimwa, ndipo aingie, taratibu, viatu mkononi, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe.

Mimi nilidhani ninanuka. Ndiyo, mwanangu. Nilijifukiza udi mpaka pindo la leso likaungua. Nikaacha asumini nikatia kilua, nikaacha kilua nikarudi kwenye asumini. Nikamwendea kungwi wangu kumuuliza ni somo gani nililolisahau, naye, maskini, akanirudishia mafunzo yote tangu mwanzo. Mama mkwe akaanza kunitazama tumbo. Miaka minne. Siku aliponipa talaka yangu alilia kuliko mimi, na hakuniambia sababu. Nilikuja kuambiwa na mtu mwingine, baada ya miaka kumi, kwenye matanga, katikati ya kupepeta mchele.

Kwamba alipenda wanaume sikumkasirikia, na leo simkasirikii. Kilichonikasirisha ni kwamba aliniacha nijinuse miaka minne.

Yule binti wa Malindi ana miaka ishirini. Usimpe kazi hiyo. Nimesikia wanaume wengi wakisema nitaoa kwanza, nitabadilika, au nitaoa ili mama apumzike. Mama hapumziki. Anaanza kuulizia wajukuu. Wapo waliooa na wakaishi kwa amani fulani, sitakudanganya, lakini wale ninaowajua mimi mke alikuwa anajua tangu mlangoni. Huyu wako hajui.

Na kukataa hakuhitaji utaje sababu yenyewe. Mwanamume ana ruhusa ya kusema, "Ami, sina nyumba, sina mtaji wangu, nakaa kwenye duka lako nakula kwako, sitaki kumtoa mtoto wa watu kwao nije kumlisha kwa mkono wako." Hakuna neno la uongo hapo. Mwambie baada ya swala, si dukani mbele ya wateja, na mwambie kabla mahari haijatoka. Kama kuna mzee ami anamsikiliza, mtangulize yeye. Atakasirika. Atakuuliza nani amekujaza maneno. Usimjibu kwa hasira, na usiongeze maelezo; ukianza kujieleza sana ndipo atakapoanza kutafuta. Posa iliyorudishwa mapema watu wataizungumza mwezi mmoja, kisha mtu mwingine atafumaniwa na utasahauliwa.

Wapo watakaokwambia ujitangaze, kwamba ukikaa kimya ni unafiki. Hao uliza kwanza wanalala wapi. Binyavanga Wainaina, mwandishi wetu mkubwa, alipojitangaza Januari 2014 alikuwa na miaka 43, jina lake linajulikana dunia nzima, na wazazi wake wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Na bado ulikuwa ushujaa. Wewe una 23, chakula chako kinapikwa kwenye chungu cha ami na kitanda chako kiko ndani ya nyumba yake. Siku ukilala kwenye chumba unacholipa mwenyewe, utaamua nani ajue na nani asijue. Kwa sasa siri si dhambi, ni mlango wenye komeo.

Haya, safari zako tatu.

Kakuma usiende. Mkenya hawezi kuwa mkimbizi ndani ya Kenya, na uongo huo ukigunduliwa hauna pa kuegemea. Waganda wa kweli waliokimbilia huko tangu sheria yao ya 2014 dhidi ya watu kama wewe wamepigwa, wamechomewa malazi, na wengine wamekaa miaka wakiingoja hiyo Kanada. Anayekushauri hivyo akiwa nyuma ya simu hajawahi kulala Turkana.

Doha nitaichambua kidogo, maana najua vijana wa Pwani mnavyoitazama Ghuba. Kwanza huyo wakala: mawakala wa kazi za nje lazima wasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake ama limo kwenye orodha yao ama halimo. Anayetaka 120,000 mkononi kabla hujauona mkataba, usimpe hata za soda. Pili, kazi ya ghala maana yake ni chumba cha vitanda vya ghorofa, wanaume umechanganywa nao tu, na kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa jina la mwajiri. Tatu, Qatar jambo lako ni kosa la jinai, na Saudia hivyo hivyo, na Oman hivyo hivyo. Mji wa Kale unakubana, lakini angalau unazijua ngazi za kutokea. Na nikuambie neno ambalo hukuniuliza: nashuku nusu ya hiyo Ghuba unayoiota ni Maskati. Kijana wa feri ameoa, mwanangu. Picha za mtoto ndilo jibu lake. Ni jibu la upole, lakini ni jibu.

Imebaki Nairobi. Ningekuwa wewe ningekwenda Nairobi, lakini si kesho.

Zile 68,000 zina maana moja tu, nayo ni muda. Ukienda kesho bila kazi, ukalala kwa rafiki, zitakwisha kwa nauli, data na kumnunulia mwenyeji nyama, na mwezi wa tatu utampigia ami simu. Kaa hadi posa imalizike kwa heshima. Mwezi huu tenga kodi ya miezi mitatu na rehani ya mwenye nyumba, uzione kama si zako. Halafu tafuta kazi ukiwa bado una kazi. Wewe unajidharau sana kwa kile kigoda, lakini miaka mitano kwenye leso si kitu kidogo: unajua pamba kwa kidole, unajua rangi itakayotoka maji ya kwanza, unajua mteja wa kununua na mteja wa kupiga soga. Eastleigh kuna maduka ya vitambaa hayahesabiki, na mtu wa Mombasa anayejua kitambaa na kusema na wateja kwa adabu anahitajika. Mtume huyo rafiki wa bodaboda akuulizie, ndiyo faida ya kuwa na bodaboda. Kazi ifanye Eastleigh lakini usipange huko. Wenyewe ni watu wa dini na wa kujuana kama kwenu, utajikuta umehama baraza tu.

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne: vitoe kwenye kabati la ami leo, si siku ya safari. Tengeneza nakala, piga picha, zihifadhi kwenye barua pepe. Mkebe wa Milo nao umetosha. Hata mimi nimeshaujua sasa.

Na usitoroke. Hili nalisisitiza kuliko yote ya safari. Mtu akitoroka Mji wa Kale hutafutwa, hutangazwa, hupigiwa simu mpaka kwa binamu wa Tanga, na kila mtu anaanza kuuliza alikimbia nini. Anayeaga akasema naenda Nairobi kutafuta riziki husomewa dua na kufungiwa mahamri. Toka mchana, begi begani, wakuone. Ukashikane mikono na wazee wa barazani mmoja mmoja, kisha matatu ya Miritini, treni ya usiku, na alfajiri uko Syokimau.

Nairobi si pepo. Wale wa Bamburi wana ndugu zao huko, kwenye programu hizohizo, wakiwa na mtego uleule. Mtu mpya mwone kwanza mahali penye watu na mwanga, na rafiki mmoja ajue uko wapi. Na kwa kuwa kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kufunda wari, sitaona haya sasa: dawa ya kinga ya virusi vya Ukimwi, PrEP, inatolewa Kenya tangu 2017, na mashirika niliyokutajia yatakuonyesha kliniki ambayo hawatakukodolea macho. Mipira pia. Wari wangu niliwaambia hayohayo, walicheka, na waliyatumia.

Sasa mama.

Mama yako anajua. Mwanamke hampeleki mwanawe Kwale siku saba za zafarani kwa sababu ya mafua. Alikuuliza, "Unajionaje?", ukamjibu ulichodhani anataka kusikia, naye akapokea, kwa sababu na yeye aliogopa jibu lingine. Miaka saba imepita. Miaka saba hajakurudisha Kwale, hajakuuliza, na sahani yako bado anaifunika. Labda ni woga. Labda amekwisha kufika mahali ambapo hana maneno yake, na nani wa kumlaumu, wewe mwenyewe uliifuta sentensi mara nne. Sikwambii umwambie. Nakwambia usimchukulie kama glasi itakayovunjika. Ukikataa posa, naamini yeye ndiye atakayekutetea kwa ami, kwa njia zake, usiku, bila wewe kuwepo. Kabla hujaondoka kaa naye jikoni asubuhi moja anaposukuma unga. Msaidie. Msiseme kitu kama hakuna cha kusema.

Halafu lile daftari. Zile kurasa za nyuma zichane uondoke nazo, madeni waachie wenyewe. Jina lako nimelihesabu kwa vidole, mizani nane na nane, halina kasoro, na nimesoma leso nyingi zenye kasoro. Mimi ningelinunua, rangi yoyote isipokuwa manjano. Kisutu kiteremshe wewe mwenyewe siku utakayozungumza na ami, kikunje vizuri, ukirudishe kwenye rafu ya kuuzia. Na ukifika Nairobi niandikie kwa anwani hiihii. Mistari miwili yatosha, nijue umelala wapi na umekula nini.

Somo